Kabla hamjaleta krusedi nyingine



Najua hii posti itanipunguzia marafiki, na pengine kazi pia, manake nusu ya kazi zangu za kamera nazipata makanisani. Lakini kuna bango limefungwa kwa waya pale steji ya Kengeleni, juu ya bango lingine la mwaka jana ambalo hakuna aliyejali kulitoa, na tangu Jumatatu limenikaa rohoni. Siku 5 za moto. Mhubiri anatoka bara. Wagonjwa waletwe. Kisauni kwa Yesu. Mwaka jana pia ilikuwa Kisauni kwa Yesu. Kwani tuliipeleka halafu ikatoroka?

Kabla hamjaanza kuniombea kwa comments, mimi mwenyewe niliokoka kwa krusedi. Nilikuwa darasa la saba, uwanja wa vumbi huko Magongo, jenereta linapiga kelele kushinda mhubiri. Sijawahi kujuta hata siku moja. Kwa hivyo sipingi injili. Napinga hesabu yetu.

Hesabu yetu inaenda hivi. Mhubiri anaita, watu wanakuja mbele, wahudumu wanahesabu vichwa, namba inatangazwa kwa spika na watu wanashangilia. Namba hiyo inaingia kwa posti, inaingia kwa ripoti, inaombewa sadaka. Zile karatasi za majina na namba za simu zinakusanywa kwa bahasha ya kaki. Sasa hebu niulizeni bahasha huenda wapi. Mimi ndiye hubaki mwisho nikikunja nyaya, kwa hivyo nimeiona. Nimeiona kwa buti ya gari. Nimeiona chini ya kinanda. Mara moja niliikuta imefungiwa maandazi.

Desemba iliyopita nilipiga picha mkutano wa siku 4. Siku ya mwisho, kwa video yangu mwenyewe, nilihesabu watu 53 waliosimama mbele. Machi kanisa hilohilo likaniita tena nichukue ibada ya Jumapili, na kwa vile nilikuwa na zile sura kwa laptopu, nikatafuta. Nilipata 7. Nikamuuliza mzee mmoja wa kanisa, kwa adabu, wale wengine wako wapi. Akaniambia, "Kijana, hii Pwani ina nguvu za giza."

Hapo ndipo nilipoanza kukasirika.

Hii hadithi ya nguvu za giza za Pwani tumeisikia mpaka tumechoka. Mhubiri anashuka kutoka bara, analala hoteli siku 5, anapanda jukwaani kutuambia ardhi yetu ni ngumu, ina majini, ina roho za bahari. Watu wanatikisa kichwa. Halafu mtu wa Mishomoroni aliyeinua mkono Jumapili, asipoonekana Jumapili inayofuata, jibu liko tayari: jini limemrudisha. Hakuna haja ya kumpigia simu. Jini halipokei simu.

Na wakati tunasema hivyo, jirani zetu Waislamu wamekaa nasi ukuta kwa ukuta. Hewa ni hiyohiyo, bahari ni hiyohiyo. Mimi nimekua nikiona watoto wa mtaani kwetu wakitoka shule, wanabadilisha nguo, wanaenda madrasa. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Ustadhi anawajua kwa majina, anawajua baba zao, na mtoto asipokuja anatumwa mwenzake kumwita. Adhana inapigwa mara 5 kwa siku, na hakuna anayemuuliza mtu kama leo anasikia moto. Anaamka, anatawadha, anakwenda. Sisi watoto wetu tunawapa saa moja kwa wiki, nyuma ya kanisa, na mwalimu wa Sunday school ni msichana wa sekondari ambaye hakuna aliyemfundisha kufundisha. Halafu tunasema Pwani ni ngumu. Ugumu ni wa nani hapo?

Sasa nifike kwa jambo lililonifanya niandike, na hapa mimi ndiye mwenye makosa.

Kati ya wale 53 kulikuwa na jamaa wa mtaani kwetu. Nitamwita Jirani, manake ndivyo alivyo. Tulicheza mpira pamoja. Alianza unga akiwa na miaka 19, na wenye kukaa Kisauni mnajua sihitaji kueleza zaidi. Siku ile alikuja mbele akilia, na mimi nikalia nyuma ya kamera, kabisa, picha ikatikisika. Baada ya wiki 2 alikuwa hajagusa. Ameoga, amenyoa, shati jeupe. Kamati ikaniambia nimrekodi ushuhuda. Nikamweka mbele ya bango, nikamwashia taa, nikamwambia aongee kutoka moyoni. Akasema jina lake, mtaa wake, maskani aliyokuwa akikaa, vitu alivyoiba, alivyomwibia mamake. Akasema, mimi ni mtu mpya. Ile video ndiyo iliyoshewa kuliko zote nilizowahi kuposti. Nilifurahi. Nisiwadanganye, nilifurahi kwa ajili yake na nilifurahi pia kwa ajili ya namba.

Hapa kwetu mtoto mchanga hatolewi nje kabla ya arobaini. Mama zetu wanajua kwa nini. Sisi mtu amezaliwa mara ya pili, siku ya 14 tumemtoa juani na kumwekea maikrofoni.

Alirudia. Mwezi wa pili alirudia. Mimi sikujua, na hapo ndipo kosa langu lilipo: sikujua kwa sababu sikuuliza. Nilikuja kukutana naye Mlaleo asubuhi moja, mwezi wa tano, anatembea haraka kama mtu anayechelewa kazini.

"Mbona ulipotea, hata hukunipigia?" nikamuuliza.

"Wewe ulinipigia?"

Nikanyamaza. Akaniambia kanisani alipigiwa simu mara moja tu, akaruka kuipokea, ikawa ni mchango wa spika mpya. Alivyoteleza mara ya kwanza alitaka kurudi Jumapili ile ile, akafika mpaka mlangoni. Akamwona mtu ambaye aliwahi kumwambia, "nimeiona video yako, ndugu, umenibariki." Akageuka. Angeingia vipi? Mtaa mzima ulikuwa umemwona akisema yeye ni mtu mpya.

"Ile video bado iko?" akaniuliza.

"Iko."

"Mamangu huitazama."

Nimeifuta. Lakini si mnajua vile video huwa, mamake alishaihifadhi kwa simu.

Alikuwa anaenda kliniki ya methadone. Kila siku, asubuhi. Unapanga foleni, unaitwa, unakunywa dawa yako mbele ya muuguzi, unaenda zako. Kesho tena. Nilimuuliza kama si kuchosha. Akasema inachosha sana. Lakini kule kuna vijana waliowahi kutumia wenyewe, na ukikosekana siku mbili wanakufuata maskani kukutafuta, wanakaa na wewe hapohapo kwa vumbi. "Hawaniulizi kama bado niko na moto," akasema. "Wanaangalia kama nimekuja."

Na nimewasikia wahubiri wakisema methadone ni kukosa imani. Nitawaacha na hilo, manake nikiendelea nitatukana.

Turudi kwa bango. Liko Kengeleni, na Kengeleni si jina tu la steji. Kuna kengele pale, mnaipita kila siku mkiwa kwa matatu. Iliwekwa na watu wa Frere Town, kijiji ambacho wamishonari wa CMS walikianzisha mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Ilikuwa ya kuonya: wavamizi wakija kuwakamata watu tena, inapigwa, kila mtu anajua kukimbia. Sasa fikirini. Kanisa la kwanza la upande huu wa Kisauni lilikuwa na kengele kwa sababu lilijua mtu aliyetolewa utumwani anaweza kufuatwa na kurudishwa. Walilala wakilijua hilo. Sisi tunamtoa mtu utumwani Jumapili, Jumatatu tunakunja hema.

Na kabla ya Frere Town kulikuwa na Rabai. Krapf alifika Mombasa 1844, na Julai mwaka huohuo akamzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga upande huu wa Nyali. Rebmann akamfuata 1846. Wakaenda kukaa Rabai. Mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mlemavu, na alibatizwa akiwa mgonjwa karibu kufa. Hebu wazieni ripoti hiyo ikisomwa kwa kamati zetu za leo: miaka kadhaa, mtu mmoja, na anakufa. Mngemfuta kazi Rebmann kabla ya Pasaka. Yeye alikaa miaka 29. Sitaki kumfanya malaika, alikuwa mtu mgumu, hata wenzake walimchoka, na habari za wazungu na Pwani yetu ni ndefu na si zote nzuri. Lakini alikaa. Aliandika maneno ya watu, alijua majina yao, aliondoka 1875 akiwa karibu kipofu, na Wakristo aliowaacha walikuwa wachache mno.

Halafu mambo yakabadilika, na tazameni yalivyobadilika. Chini ya watu kama William Jones, Mwafrika ambaye mwenyewe alikombolewa utumwani na kusomeshwa India, Rabai ikawa mahali ambapo watumwa waliotoroka wanakuja kujificha. Januari 1889 watumwa zaidi ya 1,400 waliokimbilia misheni walipewa hati za uhuru. Watu hao wote hawakuletwa na spika. Walikuja kwa sababu walisikia kuna watu pale ambao ukifika hawakufukuzi. Ni kama 1997, vurugu za Likoni, watu walivyokimbilia kanisa Katoliki la Likoni na magodoro yao. Siku ile hakuna aliyeuliza kwaya inaimbaje.

Najua mtakachosema, kwa hivyo niwajibu mapema.

Mtasema mtu aliyerudi nyuma hakuwa ameokoka kweli. Hii ni jibu tamu sana kwa sababu linatuondolea lawama yote. Yule aliyebaki ni matunda yetu, aliyeondoka ni kosa lake. Duka gani linapiga hesabu hivyo?

Mtasema wameacha upendo wa kwanza, na mtanifungulia Ufunuo, barua ya kanisa la Efeso. Sawa, ifungueni, lakini someni mpaka mwisho. Dawa iliyoandikwa pale ni kurudia matendo. Haisemi popote warudishiwe ile hisia ya siku ya kwanza. Sisi tumefundisha watu kwamba imani ni kusisimka, kwa hivyo siku mwili ukitulia mtu anadhani Mungu ameondoka. Dada mmoja wa Bamburi aliniambia aliacha kanisa kwa sababu alikuwa akiomba "hasikii kitu." Miaka 2 alikuwa akiomba kila usiku bila kusikia kitu! Huyo ndiye angefaa kutufundisha sisi. Hakuna aliyemwambia kwamba hiyo ndiyo imani yenyewe, kwamba wengi wa walioomba duniani wameomba hivyo. Aliambiwa ana kizuizi, atoe mbegu.

Na hii tabia ya kila mara kuongeza moto kwa sababu wa jana umepoa, iangalieni mwisho wake. Kesha moja halitoshi, linakuwa la siku 3. Kufunga siku 3 hakutoshi. Sisemi kila hema linaishia Shakahola. Lakini 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kule Kilifi, na wale hawakuwa watu waliopoa.

Mtasema pia watu wetu hawana msimamo. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni uongo unaoniumiza. Mnajua watu wetu wanafanya kazi gani? Huku Changamwe nusu ya wanaume wanaingia shifti, bandarini, kwa magodauni, kwa ulinzi. Wadada wanatoka EPZ jioni miguu imevimba. Ibada ya katikati ya wiki ni Jumatano saa 11 jioni, tangu enzi za babu. Nani anaweza? Mtu wa Likoni akitoka kazini kisiwani anafika feri, anasimama pale kwenye msongamano, anavuka, anatafuta matatu ya Mtongwe, anafika nyumbani usiku. Mmemwita mvivu. Na mizigo ilipolazimishwa kupanda SGR, vijana wa malori na mayadi wakakosa kazi, watu wakaandamana mjini 2019, familia zikafunga vitu zikarudi bara. Kuna kanisa moja huku nilisikia pasta akihubiri juu ya "washirika waliorudi nyuma" msimu ule. Wapendwa, wengine walikuwa wamerudi Kitui. Walikuwa wanaabudu Kitui! Hakujua kwa sababu hakuna aliyepiga simu.

Kuna mama mmoja wa Chaani, mjane, anauza samaki wa kukaanga. Si mchungaji, hata si shemasi. Ana daftari la kurasa 96, lina harufu ya mafuta. Kila mtu anayeinua mkono kanisani kwao, yeye anamfuata nje na kumwandika: jina, anakaa wapi, anatoka kazi saa ngapi. Hiyo ya mwisho ndiyo siri yake. Wa shifti ya usiku anawatembelea saa 4 asubuhi wakiamka, anapeleka samaki. Hasemi mengi. Anauliza umelala vipi, mtoto amepona, kodi imelipwa. Akikaa sana anaomba dakika 3. Nilimuuliza anafanya nini mtu akianza kupoa. Akanitazama kama nimeuliza swali la kijinga. "Mwanangu, kila mtu hupoa. Mimi nimepoa mara ngapi? Unaenda hivyohivyo." Tena akaniambia ameshafukuzwa milangoni mara nyingi tu, na kuna mmoja alimtembelea miezi 8 kabla hajakanyaga kanisa tena. Mimi nilikuwa nimeweka kamera tayari. Akanikataza. Akasema hao watu si maonyesho.

Wakatoliki wana jumuiya ndogondogo, maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele tangu miaka ya 1970, familia chache za mtaa zinakutana nyumba kwa nyumba. Ndugu wa uamsho ulioanzia Rwanda na Uganda karibu na 1930 walidumu kwa sababu walikutana kila wiki na kuambiana ukweli usoni, hata ule wa aibu. Kwa hivyo hakuna jipya ninalolisema. Tunajua kinachofanya kazi. Tatizo ni kwamba hakipendezi kwa picha, na mimi wa picha nawaambia hivyo. Samaki mlangoni saa 4 asubuhi haipati laiki. Hema, moshi, taa za zambarau, hapo sawa. Kukodi spika siku 5, jenereta, jukwaa, hoteli ya mgeni, pesa hizo mnazijua kuliko mimi. Pigeni hesabu zinalipa nauli ya tuktuk ngapi, na simu ngapi, na unga wa ugali wa familia ngapi.

Wiki jana kamati ya hilo bango ilinipigia. Wanataka kamera 2 na drone. Bei ilikuwa nzuri, na mimi kodi yangu ni tarehe 5. Niliwaambia nitakuja, tena nitakuja bure siku zote 5, ila kwanza wanitumie ile orodha ya Desemba. Majina 53. Nianze nayo mimi, kila jioni wawili wawili, na Jirani amesema ataniongoza kwa wale wa maskani anaowajua, mradi nisibebe kamera.

Waliniambia wataitafuta bahasha.